Nani Kasema Hatuna Sikio?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Kuna neno moja ambalo limekita mizizi hapa shuleni na ambalo, kwa maoni yangu, linafaa kung'olewa kama magugu. Neno lenyewe ni "sikio". Utasikia mtu akisema, "Fulani ana sikio," au, "Yule hana sikio, heri achukue Biashara." Akishasema hivyo amekwisha kutoa hukumu, na hukumu yenyewe haina rufani. Nayo hutolewa hasa mwishoni mwa Kidato cha Pili, wakati wa kuchagua masomo, ambapo wengi walioupenda Muziki tangu siku ya kwanza huuacha kwa kuogopa karatasi moja tu: karatasi ya pili, ile ya kusikiliza.

Kwa wale ambao hawasomi Muziki, acheni nieleze kidogo. Mtihani wa KCSE wa Muziki una karatasi 3. Ya kwanza ni ya vitendo: unaimba na kupiga ala mbele ya mtahini. Ya tatu ni ya nadharia, historia na uchambuzi. Ya pili ndiyo hiyo inayotutia baridi. Mnaketi kimya, sauti inatoka kwenye kaseti au sidii, nanyi mnaandika mlichosikia. Kwanza huja mdundo mtupu, kisha mahadhi, kisha masafa kati ya sauti mbili, kisha vituo, yaani jinsi fungu la wimbo linavyotua, na mwisho mnaulizwa wimbo umehama kutoka ufunguo gani hadi upi. Kwa ufupi, ni imla. Ile ile imla tuliyoandika shule ya msingi, ila badala ya maneno kuna noti.

Tulipokuwa Kidato cha Kwanza sote tulisoma Muziki. Leo tumebaki 11. Tena zimeanza kuvuma fununu kwamba idadi ikizidi kushuka, somo lenyewe litaondolewa kwenye ratiba. Sijui kama fununu hizo zina ukweli, lakini lisemwalo lipo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Dai langu ni hili: wanafunzi wa shule hii masikio tunayo. Tusichokuwa nacho ni njia ya kutoka sikioni hadi kwenye karatasi, na njia hiyo hufundishwa. Haizaliwi na mtu.

Ushahidi? Hebu tazameni kwaya yetu. Kila mwaka msimu wa Tamasha la Muziki ukikaribia, wanafunzi hujazana ukumbini baada ya masomo. Wengi wao hawajui noti hata moja. Mwalimu huimba sauti ya tatu mara mbili, wao huishika. Huimba ya nne, wengine huishika. Baada ya majuma mawili au matatu sauti zote nne zinapandana bila mtu kumfuata jirani yake. Mtu akikosea hata kidogo, wenzake humgeukia na kumkata jicho. Sasa niulize, wamejuaje kwamba amekosea kama hawana sikio? Lakini mchukue mwimbaji huyo huyo, mpe kalamu na ile mistari mitano, umchezee mahadhi mafupi ya vipimo vinne, naye atakwambia, "Jameni, mimi sisikii kitu." Si kweli. Amesikia vizuri sana. Mwambie akuimbie alichosikia, ataimba chote. Kilichomshinda ni kukipa jina.

Hapa ndipo nawaomba walimu wetu wa Kiswahili wanikopeshe mfano. Katika imla kuna wale wanaochanganya "kula" na "kura", na sababu yake tunaijua. Mtoto ambaye kinywa chake hakijatofautisha l na r, sikio lake pia hupata taabu kuzitofautisha. Mwalimu mzuri hamwambii, "Wewe huna sikio la Kiswahili." Humsimamisha aseme: kula, kura, kula, kura, mpaka ulimi uzoee, kisha ndipo amsomee imla. Kinywa kwanza, sikio lifuate, kalamu iwe ya mwisho. Katika chumba cha muziki sisi hufanya kinyume. Kalamu ndiyo ya kwanza! Mahadhi yanaanza tu, vichwa vyote chini, kila mtu anakimbizana na noti moja moja kama anayekimbiza kuku sokoni. Akiishika ya kwanza, ya pili na ya tatu zimekwisha kupita. Hakuna anayeandika imla ya Kiswahili kwa herufi moja moja. Unasikia sentensi nzima, unaishika kichwani, ndipo unaandika. Mbona noti tuziandike kwa namna tofauti?

Nitaje pia kisa cha Mozart, kwa kuwa hicho ndicho hutumiwa kututisha. Tunaambiwa kwamba mwaka wa 1770, akiwa na umri wa miaka 14, aliingia katika kanisa la Sistine kule Roma, akasikia wimbo wa Allegri uitwao Miserere, akarudi alikolala na kuuandika wote kwa kumbukumbu. Kisa hiki ni cha kweli. Baba yake alikieleza katika barua aliyomwandikia mkewe mwaka huo huo. Sisi tukikisikia hukunja mikono na kusema, "Basi, yule alikuwa Mozart." Lakini tukitazame vizuri. Kwanza, baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, na mtoto alianza kufundishwa hata kabla hajafikia umri wa kwenda shule. Miaka 14 kwake ilikuwa takriban miaka 10 ya mazoezi! Pili, Miserere ni zaburi, na muziki wake hurudiwarudiwa beti baada ya beti. Kwa hivyo aliyoyasikia hakuyasikia mara moja tu. Tatu, alirudi tena siku nyingine kusikiliza na kusahihisha. Simpunguzii Mozart sifa zake, la hasha. Nasema tu kwamba hata yeye aliishi katika mambo matatu ambayo tukiyaomba hapa tunaambiwa tunadeka: kuanza mapema, kurudia, na kusahihisha.

Kwetu mambo huenda vipi? Kinasa sauti hukaa kabatini tangu Januari. Hutolewa majuma machache kabla ya mtihani wa majaribio, kikapanguswa vumbi, na watahiniwa wa Kidato cha Nne wakaanza "kufanya kusikiliza". Sisi wa madarasa ya chini hupita dirishani tukiwasikia wakilalamika. Kwa miaka mitatu na nusu wamejifunza kwamba noti hii inaitwa krocheti na ile kwava, wamejua tarehe za kuzaliwa na kufa za watunzi, wamechora funguo nzuri za kupendeza, yote hayo katika chumba kisicho na sauti. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ubaoni, halafu siku ya mtihani umtumbukize ziwani.

Simlaumu mwalimu. Mwalimu wa Muziki ni mmoja, anafundisha vidato vyote vinne, na bado ana somo lake la pili. Isitoshe, karatasi ya tatu ndiyo yenye maksi nyingi zaidi, na mwenye busara huanza na gunia kubwa. Ninalosema ni kwamba kusikiliza si somo la kutengewa mwezi wake. Ni kama chumvi. Huipiki peke yake kwa siku moja, unaitia kidogo katika kila chungu.

Dakika 5 mwanzoni mwa kila kipindi zatosha. Dakika 5 za nini? Za kuimba kwa solfa, kwanza kabisa. Wako wanaodhani solfa ni ya watoto au ya kwaya za kanisa tu. Hawajui ilikotoka. Takriban miaka 1000 iliyopita mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, alichoka na waimbaji waliohitaji miaka mingi kukariri nyimbo, akawapa silabi za kushikia sauti. Karne nyingi baadaye, kule Norwich, Uingereza, mwalimu aitwaye Sarah Glover alitunga namna yake ya solfa ili watoto waimbe bila taabu, naye mhubiri John Curwen akaichukua, akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19. Huyu Curwen hakuwa amesomea muziki. Aliitaka kwa sababu yeye mwenyewe na watu wa kawaida walihitaji kitu chepesi. Wamishonari ndio walioileta Afrika, na hata leo kwaya nyingi nchini huandikiwa nyimbo zao ubaoni kwa d, r, m badala ya noti. Baadaye Zoltán Kodály wa Hungaria akaitumia pamoja na ishara za mikono za Curwen kujenga mafunzo ya muziki katika shule za nchi yake. Kwa hivyo hiki si kitu cha kitoto. Ni ngazi iliyokwisha kupandwa na wengi.

Kodály alipenda watoto waanze na so na mi tu, sauti inayoshuka kidogo. Mnajua kwa nini? Sikilizeni watoto mtaani wakiitana kutoka mbali jioni, mara nyingi utaisikia so–mi hiyo hiyo. Tangu nilipoambiwa hivyo siwezi tena kutembea kwa amani. Nikiwa stejini namsikia makanga akiita abiria, nami moyoni nauliza: ameanzia wapi, ametua wapi? Kengele ya shule, honi ya lori, muuza njugu, wote wamekuwa walimu wangu wasiolipwa. Nyumbani wananiona nimepata wazimu kidogo.

Kwa upande wa mdundo, wanachama wa chama hiki ndio wenye bahati kuliko wote, ila hatujui. Tumefundishwa kuhesabu mizani. Shairi la mizani 16, nane ukwapi na nane utao, likisomwa vibaya sote hushtuka, hata kabla hatujahesabu vidoleni. Sikio limekwisha kugundua kwamba kuna mzani uliozidi au uliopungua. Hiyo ni kazi ile ile ya kuandika mdundo: kushika pigo, kujua kila pigo limebeba silabi ngapi, kujua fungu limeisha wapi. Katika Muziki tunasema taa, taa-te, tafa-tefe. Mtu anayeweza kughani tarbia bila kujikwaa hana haki ya kusema mdundo umemshinda.

Hata vituo ni mambo ya Kiswahili. Kituo kamili, kutoka so kwenda do, ni nukta: msemaji amemaliza. Kituo kisicho kamili ni koma, unabaki ukingoja neno. Kile cha "Amina" ya kanisani kila mtu anakifahamu. Na kile cha nne ni cha udanganyifu, unadhani msemaji anamaliza kumbe ana jambo jingine, kama mgeni wa heshima siku ya zawadi anayesema "na la mwisho kabisa" mara tano. Nilipoelezwa kwa mfano wa alama za uandishi nilivielewa kwa siku moja. Kuhusu kuhama kwa ufunguo sitasema mengi, kwa kuwa bado kunanitoa jasho.

Jambo jingine ni nyimbo tunazofanyia mazoezi. Nyingi hutoka katika vitabu vya Uingereza, ni nzuri lakini hatukuzaliwa nazo. Mwanafunzi anapigwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: wimbo mgeni na uandishi mgeni. Kwa nini tusianze na tunazozijua? Tuchukue wimbo ambao darasa zima linauimba usingizini, tuutafutie do yake, tuuimbe kwa solfa, halafu tuuandike. Hapo kuna kazi moja tu. Aidha, nyimbo zetu nyingi za kiasili hutembea kwa mapigo ya sita kwa nane, na miili yetu inayajua. Mtoto wa Isukha au Idakho aliyekua akisikia isukuti, zile ngoma tatu zinazojibizana, hahitaji kuelezwa sita kwa nane ni nini. Ngoma hiyo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Wapigaji wake wameirithishana kwa kusikia tu, bila karatasi. Hivi kweli watoto wa watu kama hao ndio wa kuambiwa hawana sikio?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko maksi. Kila tusimamapo gwarideni kuimba wimbo wa taifa, tunaimba matunda ya kusikiliza na kuandika. Mwaka wa 1963, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, watu watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo huo: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi yake hayakutoka katika kitabu. Yalitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo ambao akina mama waliwabembelezea watoto. Wimbo ulikuwa vinywani, si kwenye karatasi. Ilibidi pawe na mtu wa kuuimba na mtu wa kuusikia, kuushika na kuuandika, ndipo bendi ikaweza kuupiga na sisi sote tukauimba. Kama wote siku hiyo wangekunja mikono na kusema "sisi hatuna sikio", tungekuwa tunaimba nini leo?

Fikirini pia juu ya nyimbo nyingine. Nyanya yangu anajua nyimbo za kusagia mahindi, za kubembeleza na za arusi ambazo sijazisikia redioni hata siku moja. Mama yangu anazijua nusu. Mimi najua mbili, na moja yenyewe nimeisahau katikati. Mtu atasema siku hizi kuna simu, zirekodi tu. Sawa, na zirekodiwe. Lakini rekodi iliyo ndani ya simu hufa na simu. Tena kwaya haiimbi kutoka kwenye simu ya nyanya; inahitaji mtu aliyeisikiliza rekodi ile, akatoa sauti, mdundo na maneno, akayaweka mahali ambapo mwingine anaweza kuyasoma. Mtu huyo atatoka wapi ikiwa kila mwaka tunawafukuza watoto wa Kidato cha Pili kwa neno "sikio"?

Najua nitajibiwa kwamba sisi ni shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni wana jioni, wana wikendi, wanaweza kukaa na kinanda hadi taa zizimwe. Sisi ikifika saa kumi na nusu chumba kinafungwa, wa miguu tunashika njia na wa matatu wanakimbilia matatu. Nyumbani wengi hatuna kinanda wala rekoda. Ni kweli. Ila mazoezi ya sikio ndiyo pekee katika Muziki yasiyohitaji kinanda! Unaweza kuyafanya ukiteka maji. Wawili wakitembea pamoja, mmoja aimbe "la la la" sauti nne au tano, mwingine amjibu kwa solfa, halafu wabadilishane. Kutoka hapa hadi sokoni mtakuwa mmefanya 20.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Kinasa sauti kitoke kabatini katika muhula wa kwanza, si wa tatu. Kila kipindi cha Muziki kianze kwa dakika 5 za kuimba, hata siku ya historia ya muziki. Katika imla kuwe na sheria ya kalamu chini: mara ya kwanza ni kusikiliza tu, mara ya pili ni kuimba moyoni, na kuandika kuanze mara ya tatu. Tena tusahihishiwe kwa kuimbiwa tulichoandika, sio kwa mkasi mwekundu peke yake, maana mkasi unakwambia umekosea lakini haukwambii ulichokiandika kinasikikaje. Kwa mwalimu mkuu na kamati ya masomo, ikiwa kweli mnafikiria kuliondoa somo hili, tafadhali msitazame idadi ya 11 peke yake. Ulizeni pia wangapi walitaka kuja wakatishwa.

Nanyi wadogo wetu wa Kidato cha Pili, fomu za kuchagua masomo mtapewa muhula huu. Kabla hamjazijaza, sisi 11 hukutana nyuma ya maabara kila Jumanne na Alhamisi, saa saba na robo, baada ya chakula cha mchana. Hatuna kinanda, tuna debe moja na sauti zetu. Njooni na wimbo mmoja mnaoujua vizuri, wowote ule, tutautafutia do yake pamoja.